Mama wa Benchi la Nyuma

Naam, ni mimi. Yule mwanamume mwenye tai katika ile video iliyozunguka kwenye simu za watu hapa Juba, aliyefungwa mnyororo mkono kwa mkono na mama mmoja wa gomesi ya zambarau (lile gauni refu la akina mama wa Uganda), wanatembea bandarini huku kila mmoja ameangalia upande wake kama watu waliokosana, ni mimi mwenyewe, na nimechoka kudanganya kwamba ni mtu tu tunayefanana. Ndugu zangu wa Bungoma, Kenya, wamenipigia simu. Hata mwalimu wangu wa darasa la nane amenipigia. Wengine wanasema nilikamatwa na polisi, wengine wanasema ni kanisa jipya lina maombi ya namna hiyo, na kuna mmoja aliyeapa kwamba tulikuwa tunaigiza filamu. Basi kaeni niwaeleze ilivyokuwa, na mkishacheka mniachie ile heshima kidogo iliyobaki.

Kazi yangu ni kufundisha watu wazima Kiingereza, kwenye chumba cha mabati hapa mtaa wa Buluk, saa mbili hadi saa nne asubuhi, kabla jua halijageuza yale mabati kuwa kikaango (ingawa kusema kweli saa tatu na nusu tayari tunakaangika). Wanafunzi wangu ni wauza nguo, wapakiaji mizigo wa uwanja wa ndege, akina mama wa chakula, na Abdi, Msomali wa Garissa mwenye duka la misumari, rangi na kufuli. Nina ugonjwa mmoja katika kazi hii: siwezi kufundisha neno bila kitu chenyewe. Nikifundisha neno la kijiko, naja na kijiko. Siku ya neno la kuku nilikuja na kuku, akanyea rejista. Watu wenye akili wangejifunza kitu siku hiyo ya kuku, lakini mimi niliifuta rejista kwa karatasi nikaendelea.

Mwezi huo nilikuwa na jambo zito kichwani. Prossy, mchumba wangu, mwenye saluni mtaa wa pili kutoka darasani, alikuwa amemwalika mama yake kutoka Iganga, Uganda, aje anione. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la baba yake mdogo, Mzee Isabirye, anayefanya kazi kwenye mizigo pale uwanja wa ndege, mtu wa masharubu na maneno machache. "Lakini Mama akisema hapana," Prossy aliniambia, "huyo Mzee hatasema ndiyo hata umletee ng'ombe wa dhahabu." Mama angefika Jumamosi kwa ndege ya Entebbe. Miaka miwili ya kungoja ilikuwa inategemea Jumamosi hiyo moja.

Na si kumwona tu, kuna namna ya kumwona. Kwetu Bungoma mama mkwe hasalimiwi kwa mkono, wala hukai naye benchi moja, na ukikutana naye njiani unampisha. Kwao Busoga, huko Iganga, ni vivyo hivyo, na wameongeza kwamba mkwe akimgusa mama mkwe, mikono ya mwenye kosa itatetemeka mpaka uzeeni, hata kikombe cha chai hakitatulia. Prossy alinifundisha wiki nzima: usimtazame usoni, usimkaribie, usipite mbele yake, ukiona amekuja upande huu wewe sogea ule. Nilikuwa nimepima hadi sebule ya Prossy kwa hatua, nikajua nitakaa wapi na yeye atakaa wapi. Mtu hajawahi kujiandaa kukaa mbali na mtu kama nilivyojiandaa mimi.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na neno la siku lilikuwa fasten. Wapakiaji wangu wawili ndio walioliomba, maana pale uwanjani wanaliona kila mahali na wanaogopa siku ya usaili wataulizwa. Kiswahili chetu kina ukarimu: unafunga kiatu, unafunga shati, unafunga mkanda, unafunga mzigo, unafunga mlango, neno moja linalisha ukoo mzima. Kiarabu cha Juba nacho kina rabutu yake na mambo yamekwisha. Lakini Mwingereza, la! Kamba ni tie, shati ni button, mkanda ni buckle, pini ni pin, kufuli ni lock, na wote hao ni watoto wa fasten, na kila mtoto lazima aitwe kwa jina lake la sivyo ananuna.

"Mwalimu," Abdi akauliza, "hawa watu hawakuwa na kazi nyingine?"

Darasa likacheka, nami nikapanda kichwa, kama kawaida yangu nikichekesha watu. Nikafunga kamba ya kiatu, nikafunga vifungo vya shati hadi cha shingoni, nikafunga tai, nikafunga mkanda, nikajibandika pini mbili kifuani, kila kimoja nakitaja kwa sauti na wao wanaitikia. Jasho linanitoka lakini heshima imejaa. Mwisho nikafika pagumu: kufunga kitu kimoja kwenye kingine. Abdi alikuwa ameniletea kutoka dukani mnyororo wa kufungia pikipiki, ule mnene uliovikwa plastiki, pamoja na kufuli mbili kubwa. Meza ilikuwepo. Kiti kilikuwepo. Hata nguzo ya chumba ilikuwepo, imesimama pale miaka yote haina kazi. Mimi nikasema hapana, watu hawatasahau wakiona mtu na mtu.

Benchi la nyuma palikuwa na mama mgeni, mnene kiasi, mtulivu, amejifunga gomesi ya zambarau na kitambaa kichwani, hana daftari. Wageni huja hivyo, wanaonja darasa siku moja kabla hawajajiandikisha, na mimi hupenda kuwachangamsha wasijione wageni.

"Mama, karibu hapa mbele utusaidie."

"Mwalimu, mimi iko tu mgeni," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi naangalia."

"Hapa darasani hakuna mgeni, mama!"

Akatazama mlango. Akatazama watu, na wote walikuwa wamegeuka wanamtazama. Halafu akainuka taratibu, akaja, akanyoosha mkono wa kulia huku amekunja uso kama mtu anayekwenda kudungwa sindano. Nikamzungushia mnyororo juu ya mkono wa gomesi, Abdi akabana kufuli ya kwanza, kisha akanifunga na mimi mkono wa kushoto, akabana ya pili. Ka! Darasa likapiga makofi. Nikageukia ubao kuandika, na wakati huohuo simu ya Abdi ikalia, vijana wake wako bandarini, tishari (ile meli bapa ya mizigo) inayopeleka saruji na rangi zake Bor inataka kuondoka mapema. "Mwalimu, samahani, ni dharura," akasema, na mimi bila hata kugeuka nikampungia chaki. "Nenda salama, Abdi!" Nilimuaga mimi mwenyewe, jamani. Na funguo zote mbili mfukoni mwake.

Tulikuja kujua kama dakika tano baadaye. Nikampigia, simu inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Darasa bado linacheka, mimi nacheka pia, lakini kile kicheko cha meno tu. Ndipo Prossy akanipigia.

"Wafula, uko wapi? Mama amefika!"

"Si ni Jumamosi?"

"Amekataa ndege, amekuja na basi, amefika asubuhi hii. Ameacha begi hapa saluni, akauliza darasa lako liko wapi, akasema anaenda kunyoosha miguu. Mimi naogopa amekuja huko kukuangalia. Ukiona mama wa gomesi ya zambarau, tafadhali, kaa naye mbali!"

Nikaufuata ule mnyororo kwa macho, pole pole, kutoka mkononi kwangu hadi mwisho wake. Gomesi. Zambarau.

"Mama," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "wewe ni... mama Prossy?"

Alivuta kitambaa cha kichwani akafunika uso wote kwa mkono ule uliobaki huru, na hilo lilikuwa jibu la kutosha.

Nikageuka mgongo. Naye akageuka mgongo. Tukasimama hivyo mbele ya ubao, mnyororo katikati, urefu wake haufiki hata kiwiko hadi ncha ya kidole, mimi naangalia ukuta na yeye anaangalia dirisha. Natamani ardhi ipasuke. Mpakiaji mmoja wa benchi la mbele, kijana mwenye bidii sana, akainua mkono akauliza kama kupeana migongo ni lazima au inaweza pia kufanywa uso kwa uso, maana anataka kuandika.

Nikavunja darasa. Ng'ambo ya barabara kuna fundi wa kuchomelea, tukamwendea, naye akafurahi sana kupata kazi ya ajabu, akawasha grenda, cheche zikaruka. Mama akapiga ukelele nyumba tatu zikatoka nje.

"Hapana! Hiyo moto mimi sitaki! Mimi iko na mikono mbili tu!"

Fundi akazima. Kisha mama, akiiambia barabara na si mimi, akasema, "Mwalimu. Twende tutafute hiyo Msomali yako."

Tulipata rakisha, ile bajaji ya hapa Juba. Kiti cha nyuma cha rakisha ni kimoja, na mimi na yeye kukaa kiti kimoja haiwezekani, kwa hiyo mama akakaa ndani na mimi nikaning'inia mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine hewani, mkono wa kushoto nimeunyoosha ndani ili mnyororo usimvute, uso nimeugeuzia barabara. Vumbi lote la kutoka Buluk hadi mtoni nililimeza mimi. Dereva akatutazama kwenye kioo chake kidogo hadi akashindwa kujizuia.

"Ya ustaz," akaniuliza, "de mara taki?" Yaani huyu ndiye mke wako?

"La!" tukapiga kelele wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la kwanza mimi na mama mkwe tulilowahi kukubaliana.

Kisha nikasikia kutoka ndani, "Mwalimu. Prossy anakula vizuri?"

"Anakula, mama," nikawajibu waenda kwa miguu.

"Asubuhi anaamka saa ngapi?"

Nilikuwa karibu kujibu! Nilishafungua mdomo! Mungu ni mwema, shimo la barabarani likaturusha nikapata sekunde mbili za kufikiri. "Mama, hilo mimi sijui. Mimi nalala kwangu."

"Aaa," akasema. Halafu: "Sawa." Na ile sawa, hata na vumbi mdomoni, niliisikia tamu.

Bandarini tukamwona Abdi. Alikuwa juu ya tishari, katikati ya mifuko ya saruji, anapigia vijana kelele, na injini inanguruma hivi kwamba hata angepigiwa tarumbeta asingesikia, sembuse simu. Nikamwita hadi koo likauma. Watu wakaanza kujaa, simu zikatolewa (hapo ndipo video ilipochukuliwa, na aliyeichukua hakuwa na haraka). Kati ya ukingo na tishari palikuwa na ubao mmoja, mwembamba, umelowa, chini yake maji ya Nile yanakwenda zake. Baharia akaanza kufungua kamba ya nyuma. Akifungua ya mbele, funguo zinakwenda Bor na sisi tunabaki hivi wiki nzima.

"Mama, tutapita?"

"Tupite."

Nikatangulia, kwa ubavu kama kaa, mkono nyuma, sitazami. Hatua nne tulipiga vizuri. Ya tano kiatu cha mama kikateleza. Nilisikia mnyororo ukikaza ghafla, nikageuka, na nikamwona usoni kwa mara ya kwanza, macho kwa macho, mdomo wazi, mwili wote unaelekea majini. Sikufikiria Bungoma. Sikufikiria Busoga wala kikombe cha chai. Nilimshika mkono, kiganja kwa kiganja, nikamvuta, naye akanishika kwa nguvu ambayo sikuitarajia, na hatukuachiana hadi miguu yetu minne ilipokanyaga chuma. Ule ulikuwa mkono mgumu, wa mtu aliyebeba nyanya za kuuza mpakani Busia miaka mingi, na mimi mama yangu alifariki nikiwa darasa la saba, kwa hiyo sitawaficha: sikuwa na haraka ya kuuachia. Ukingoni watu wakashangilia kama kwenye mpira.

Abdi akageuka. Akatuona. "Mwalimu! Na nyinyi mnaenda Bor?"

Alipoelewa alijipapasa mifuko yote, na funguo zilikuwa kwenye wa mwisho, bila shaka, zingekuwa wapi kwingine. Kufuli zikafunguka. Tukarudi nchi kavu, mama anasaidiwa na mabaharia wawili, mimi nyuma kabisa. Tulipanda rakisha mbili tofauti kwenda Buluk, kwa adabu zote, kana kwamba adabu ilikuwa imebaki.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Video ilitutangulia. Saa kumi jioni niliitwa nyumbani kwa Prossy, nikamkuta Mzee Isabirye amekaa bado na fulana yake ya kazi, simu mkononi, masharubu yamesimama. Mama alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Prossy macho mekundu. Mzee hakunipa hata kiti.

"Wewe iko mwalimu ama iko mwehu?" akaniuliza. "Mke ya kaka yangu marehemu, unafunga yeye mnyororo kama mbuzi ya soko, unashika yeye mkono, Juba yote inaona. Kazini wananiuliza mimi kama hiyo ndiyo mahari. Mimi nasema hivi: hakuna ndoa. Imeisha."

Nilimtazama Prossy, nikaona anatazama sakafu, na nilifikiri, basi, nimempoteza hivi hivi, kwa sababu ya somo, na meza ilikuwepo.

Pazia likatikisika.

"Isabirye," mama akasema kutoka kule ndani, "huyo mtoto usimlaumu. Mimi nilijua yeye ni nani tangu anaingia mlango. Nilienda kule kupeleleza yeye kama mwizi, nikakaa nyuma nikajificha. Aliponiita mimi nilikuwa na mdomo, si ningesema tu mimi ni mama ya Prossy? Lakini niliona haya kushikwa napeleleza. Ndiyo nikatoa mkono. Yeye hakujua, mimi nilijua. Sasa kosa iko ya nani?"

Mzee akaligeukia pazia.

"Na pale kwa ubao," mama akaendelea, "kama angefuata desturi vizuri, saa hii wewe ungekuwa unatafuta mimi kwa maji. Huyo ndiye nataka akae na mtoto yangu."

Mimi nililia, tena waziwazi, pini mbili bado ziko kifuani. Mzee Isabirye aliangalia simu yake, akaangalia pazia, akakohoa. Kwao mguso kama ule huondolewa kwa kuku mweupe, na mwenye kosa ndiye humtoa.

"Sasa kuku analeta nani?" akauliza.

"Mimi," mama akasema. "Nitanunua kesho."

Tulifunga ndoa kabla ya mvua kubwa. Tangu siku ile nimeapa sitamfunga binadamu wala mnyama mbele ya darasa, na kufuli yoyote inayoingia pale ndani lazima ufunguo wake uwe shingoni kwangu kwanza, hata mwenye kufuli awe nani. Aibu ile bado inanifuata, wanafunzi wapya wakiniona wanaficha mikono mifukoni.

Mama naye amekuja kututembelea mara mbili, na desturi imerudi mahali pake: yeye anakaa chumba kile, mimi hiki, salamu zinapita kwa Prossy, nikimpisha mlangoni natoka hadi barabarani. Ndivyo inavyotakiwa, nami naiheshimu. Ila mara ya mwisho tulipomsindikiza uwanja wa ndege (siku hizi anapanda ndege, basi hataki tena), niliweka begi lake chini nikarudi nyuma hatua zangu tatu, naye akaja akalichukua bila kunitazama. Akamshika Prossy mkono wa kwaheri. Akauachia. Kisha akaushika tena mara ya pili, akaubana sana, na akasema kwa sauti ambayo hata mimi ningeisikia:

"Ule ulikuwa wako. Huu ni ya yule mwalimu, mpelekee."

Prossy alinipa ule mkono kwenye rakisha, kabla hatujatoka hata getini.